Mtungi wa Ubuyu Ulioondolewa Sebuleni

Mpendwa Shangazi Dorothea,

Shikamoo. Naomba msaada wako, maana nimefika mahali mume wangu akila natamani kumnyang'anya sahani. Ninakaa Nkuhungu hapa Dodoma, nina mtoto mmoja, mume wangu Zablon ana kazi ya ofisini, na mama yake anaishi Haneti. Mwezi uliopita, joto hili ambalo hata kuku wa jirani wanakuja kulala chini ya tenki letu la maji, mama mkwe alikuja na ubuyu aliouvunja mwenyewe, na mtungi wake wa udongo ameupakata kwenye basi njia nzima usipasuke, akauloweka ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, akaupekecha mpaka kokwa zikabaki tupu, akachuja, akatia sukari kidogo, akaumimina mtungini, akauviringishia gunia lililolowa na kuuweka juu ya beseni la mchanga mbichi penye upepo, na asubuhi, Shangazi, bila friji, akauleta sebuleni ukiwa baridi mpaka meno yanauma.

Siku hiyo ndiyo wakaja wageni wa Zablon, bosi wake Bwana Gaudence na wenzake wawili. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, soda zetu zilikuwa za moto kama chai, na bado Zablon akawapa hizo hizo. Bosi, jasho linamtoka, akauona mtungi kwa mlango wa stoo ulioachwa wazi, akauliza kile ni kinywaji gani, mume wangu akacheka akasema, "Aa, hiyo ya mafundi wanaojenga ukuta." Hatuna ukuta wala fundi. Mama alikuwa hapo kwenye mkeka na mjukuu, akasikia kila neno.

Kesho yake akamwaga ubuyu uliobaki chini ya mpapai, akapakata mtungi wake, akampita Zablon anakunywa chai, akaja kwangu akasema, "Baki salama mwanangu, mafundi wakija uwape maji." Tangu hapo hapokei simu. Huyu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua, siku arobaini, na mtoto tumempa jina lake, Hana. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu na ametuma neno kwamba haji. Zablon anasema nimwache, hasira zitamwisha. Mimi nimechoka na mwanamume anayemwonea aibu mama aliyemzaa. Je, nirudi kwetu Bahi na mtoto mpaka aombe radhi?

(Mtungi niliuhamishia stoo mimi, lakini ni kwa sababu ulikuwa unatoa jasho kwenye kapeti jipya na wageni walikuwa wameshafika getini.)

Devota, Nkuhungu

*

Devota, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia Zablon, na bado sijamaliza. Mtu mzima anawanywesha wenzake soda ya moto, ubuyu wa baridi uko hatua tano, eti mafundi. Angekuwa mwanangu angenieleza ukuta wenyewe uko wapi.

Mara ya pili nikakukasirikia wewe. Habari ya kapeti umeipitisha mwishoni, kwenye mabano, kama mtu anayepitisha kuni kwa mlango wa uani. Mtungi wa udongo ukitoa jasho ndiyo unafanya kazi yake, hivyo ndivyo unavyopoza. Ungetandika gunia chini yake. Hukutandika. Ulisikia geti, ukaubeba, na yule mama amekaa pale na mtoto wako anakutazama. Zablon aliutukana mtungi uliokwisha kufichwa.

Umeandika mwenyewe kwamba alimpita mwanawe mezani akaja kwako. Hayo maneno ya mafundi alikuambia wewe. Mikono iliyokukanda siku arobaini ndiyo iliyopekecha ule ubuyu, na hilo alitegemea ulijue kuliko mtu yeyote nyumbani humo. Najua hukumchukia. Uliogopa wageni watawaonaje, na uoga huo mnao wote wawili, kwa hiyo acha kumpa mwenzio wote aubebe.

Bahi huendi. Jumamosi hii mnapanda basi la Haneti, wewe, Zablon na mtoto. Simu msipige, na kitenge msinunue, maana atadhani mnamnunua yeye. Mkifika, shikamoo, kisha wewe ndiye unayeanza kusema, kabla ya mumeo: "Mama, mtungi niliuficha mimi." Usimtaje Zablon, atasema la kwake. Usitaje kapeti. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akikupa kazi, fanya. Akikutukana kidogo, pokea, umeyataka. Ukimwona ametulia, mwombe akufundishe kupekecha ule ubuyu, na upekeche mpaka aseme basi.

Siku ya ubatizo bosi aalikwe. Zablon ammiminie ubuyu kwenye glasi zenu nzuri, zile za kabatini, amkabidhi kwa mikono miwili na kusema mbele ya watu wote: "Huu ametengeneza mama yangu." Asiongeze neno.

Na mtungi ukirudi Nkuhungu, ukae sebuleni. Kapeti lilowe.

Shangazi Dorothea