Kujifunza Kushuka

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda. Nimerudi. Nadhani hakuna aliyeniona njiani.

Daktari alisema mfupa wa nyonga haujaoza, ni ukaaji tu — miaka thelathini na moja juu ya kiti cha cherehani. Akaniambia kuna mama anafundisha watu kulala chini na kujinyoosha taratibu, Jumanne na Alhamisi, ukumbi wa nyuma ya kanisa. Kanisani! Kofia nikaitia mfukoni. Nikakuta wanawake wanane wamelala kwenye mikeka kama vitambaa vilivyokatwa vinavyosubiri kushonwa. Mwanamume ni mimi peke yangu.

Mwalimu anaitwa Antoinette. Ni Mkongo, kazi hii alijifunza kambini Nyarugusu, kisha akaolewa hapa Kasulu. Alinitazama nikikaa chini. Nilishika ukuta, nikashuka kama gunia. Hakucheka. Aliyecheka ni mama mmoja muuza dagaa: "Fundi, leo unapima sakafu?"

Kazi yenyewe si kitu. Lala chali, kunja magoti, laza goti moja nje kidogo, lirudishe. Halafu fanya nusu ya hapo. Mimi nililazimisha, nikauma meno. Antoinette akaja kichwani kwangu: "Papa Khatibu, unakimbilia wapi? Mguu yako iko mu vita na wewe?"

Nimepima hipsi za nusu ya mji huu kwa tepu. Yangu sikujua iko wapi hasa.

Alhamisi, 10 Julai

Leo aliuliza: upande upi wa mgongo umegusa mkeka zaidi? Kila mtu akajibu. Mimi machozi yalikuwa yanaingia masikioni. Sijui yalitoka wapi.

Miaka miwili ya mwisho ya uhai wake, mke wangu Asmahani ndiye aliyenivalisha soksi ya mguu wa kulia. Kucha pia alinikata, huku akiimba puani. Hakumwambia mtu. Nilimwomba asiseme.

Jumapili, 13 Julai

Acha niliandike leo jambo hili, maana sijawahi kuliandika.

Mwezi wa tano, makaburini, tunamzika Asmahani. Wa kushuka ni watatu. Sheikh akasema, Khatibu, shuka umpokee mkeo. Nikafika ukingoni. Shuka la kumsitiri lilikuwa limeshatandazwa juu, watu wanne wamelishika pembe. Nikajaribu kuchuchumaa — nyonga ikakataa. Imefungwa kabisa. Niliona nitaanguka humo ndani kama kiroba, mbele ya watu wote. Nikafunika uso kwa mikono, nikarudi nyuma.

Nurudini, mdogo wake Asmahani, akaruka ndani badala yangu.

Jioni akanishika bega. "Moyo ulikushinda, shemeji?"

Nikasema ndiyo.

Basi imekuwa hadithi ya mji. Nurudini anaisimulia dukani kwake: mume kama huyo hamtamwona tena, mapenzi yalimkata miguu. Wanawake wananipa pole mara mbili. Na mimi napokea!

Leo kapiga simu dada yangu Mwanaamina, yuko Kibondo. Ini limemwisha, sauti imebaki kidogo. Hakuzunguka. Alisema, "Utanishusha wewe. Sina mtoto wa kiume, na baba zetu wameisha. Nilikubeba mgongoni kutoka Muyama ukinikojolea njia nzima. Usije ukanitupia watu."

Nikacheka. Nikasema, naam dada.

Naam!

Jumanne, 15 Julai

Baada ya somo nilibaki. Nikamuuliza Antoinette, mtu kama mimi atachukua siku ngapi hadi aweze kushuka shimoni na kuchuchumaa humo?

"Shimo gani, papa?"

"La choo. Nachimba choo."

Uongo wa pili. Huyu hata hakunikosea kitu.

Akaniambia mwili hauna kalenda. Lakini akanionyesha. Usitangulize mguu, alisema, tanguliza bassin — ndivyo anavyoita mfupa wote wa kiuno. Kaa, geuka, weka mikono miwili chini, mguu utafuata wenyewe. Tulirudia mara kumi pale kwenye ngazi ya ukumbi. Mara ya saba sikuumia. Nilishangaa, nikaangalia nyuma kana kwamba kaishuka mtu mwingine.

Alhamisi, 24 Julai

Nimevaa soksi mwenyewe. Dakika kama sita. Nikabaki nimekaa kitandani, sina wa kumwambia.

Jumamosi, 26 Julai

Shimo langu la kujifunzia limefika kiunoni. Nimechimba kidogo kidogo siku nne, nyuma ya nyumba. Ardhi ya kiangazi ni ngumu, jembe linalia. Wakiuliza nitasema la migomba, nasubiri mvua.

Nimeshuka mara tatu. Kaa, geuka, mikono, mguu. Chini nikachuchumaa, nikanyoosha mikono mbele kama anayepokea kitu. Nikahesabu hadi ishirini. Kutoka ndiyo kazi! Nilitoka kwa tumbo, vumbi hadi kwenye nyusi.

Jirani yangu Evaristi alikuwa kwenye ua wake. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akanisalimia kwa Kiha: "Mwakeye, fundi. Ni migomba gani hiyo? Ya kupandwa pamoja na mtu?"

Nikacheka naye. Yeye hakucheka sana.

Jumapili, 27 Julai

Ningependa siku hii ifutike.

Nurudini alikuja saa mbili asubuhi, kaacha duka. Hakuingia ndani, alipitiliza nyuma ya nyumba hadi kwenye shimo. Akasimama. Evaristi kamwambia kila kitu: fundi anajichimbia kaburi, anashuka, anakaa humo, ananyoosha mikono anamwita marehemu.

"Shemeji," akasema, "najua unavyompenda. Lakini mtu hajichimbii. Ni dhambi. Dada yangu hapendi huko aliko." Akalia. Mtu mzima, amekaa juu ya udongo wangu, analia kwa sauti.

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu, nyonga. Nikalitafuta. Lakini ukweli wangu ulikuwa mdogo mno mbele ya machozi yake. Nikamwacha alie. Nikamshika mkono na kumfariji, mimi!

Alichukua jembe akalifukia shimo lote mwenyewe. Nilimletea maji ya kunawa.

Jumanne, 29 Julai

Sikwenda.

Alhamisi, 31 Julai

Sikwenda. Muuza dagaa amepita barazani kwangu, akainamia cherehani. "Fundi, mkeka wako tumeuwekea ndoo ili usichukuliwe. Antoinette anakuuliza choo kimekwisha?"

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda. Tulilala ubavu leo. Mkono kwenye nyonga, sikiliza inavyopanda ukivuta pumzi. Hakuna zaidi ya hapo, nusu saa nzima. Mama mmoja alikoroma.

Mwishoni nikamwambia Antoinette kwamba si choo. Nikamwambia yote, hata Nurudini, hata maji ya kunawa. Alikuwa anakunja mikeka, hakuacha kuikunja.

"Kwa nini unaniambia miye?" akauliza. "Miye sikushuka pahali pako."

Ijumaa, 8 Agosti

Simu kutoka Kibondo baada ya swala ya Ijumaa. Dada hajitambui. Nurudini amesema atanisindikiza, hawezi kuniacha peke yangu kwa hali hii niliyo nayo. Tunaondoka na gari la alfajiri.

Jumamosi, 9 Agosti. Kibondo

Amefariki kabla hatujafika. Tulikuwa tumepita Makere.

Naandika chumbani kwake. Upande wa pili wa ukuta wanawake wanamwosha, nasikia maji na kata ikigonga ndoo. Tutazika baada ya alasiri. Kwenye msumari wa ukutani limetundikwa gauni lake la kitenge, nililomshonea mwaka juzi. Mkono mmoja nilikosea, akauvaa hivyo hivyo na kuniambia ni mtindo.

Asubuhi tulikaa na wanaume uani. Mwenye kusimamia mazishi akauliza, wa kushuka ni akina nani? Akatajwa mume wa binamu yetu, wa kwanza. Kabla sijafungua mdomo Nurudini akainuka: "Mimi nitashuka badala ya shemeji yangu, mniruhusu, ingawa si damu. Huyu mwacheni. Moyo wake hauwezi. Kwa mke wake mliona." Wakatikisa vichwa kwa huruma. Mzee mmoja akasema, Mungu ampe nguvu.

Walikuwa wamenifungulia mlango tena. Ningepita tu!

Nikasema, "Si moyo. Ni nyonga."

Hawakuelewa. Ikabidi niseme tena, na niongeze. Kwamba sikuweza kukunja mguu. Kwamba niliona aibu ya kuanguka. Kwamba lile shimo la nyuma ya nyumba lilikuwa la kujifunzia, na ninalala sakafuni na wanawake wanane kila Jumanne na Alhamisi. Mtu mmoja akaguna, kicheko kikamtoka puani, akakizuia. Kwamba dada aliniomba mimi, na nimekuja kushuka.

Nurudini hakucheka. Nilidhani atasema kuhusu hadithi yake, au juu ya siku ile alipolia.

"Ungesema," akasema. "Pale pale. Tungekushika mikono, mmoja huku mmoja huku. Ungempokea."

Miezi mitatu sikuwahi kuliwaza hilo, kwamba ningeweza kushikwa.

Akatoka. Sijamwona hadi sasa.

Nimelala kidogo kwenye mkeka wa dada, nimefungua nyonga, kidogo, halafu nusu ya hapo. Inatetemeka. Nimekunja kanzu hadi magotini.

Maji yamekoma upande wa pili. Wamemaliza.

Nje wanauliza, wa kwanza yupo, wa pili Khatibu mwenyewe, je, wa tatu? Sauti ya Nurudini iko karibu na mlango. Anamwuliza mtu ukingo wa kaburi una udongo wa namna gani, unabomoka au umeshika. Mtu anamjibu umeshika.

Sasa wanamwuliza tena kama anashuka. "Nashuka," anasema. "Mkono wake mmoja nitaushika mimi."