Mgongo wa Mzee Shaame

Jumatano, 8 Agosti 1956
Leo Machano kazunguka! Kaanza mgongo kwa uwanja, kageukia mguu wa kushoto, kiuno kikatangulia, mkono ukafuata — kisahani cha kurusha kikapita alama zote za mwaka jana. Na huyu ni mchukuzi wa bandarini, hakuwahi kukishika kabla ya Julai. Akishinda Jumamosi ya wiki ijayo anakwenda Dar es Salaam. Chakula hakikupita kwa furaha.

Jumatatu, 13 Agosti
Baba yake kaja kutoka Uroa. Mzee Shaame, mpole, kofia safi. Tukamwekea kiti mbele, pembeni ya uwanja. Machano kaingia duarani, kasimama ubavu. Namwambia geuka, hageuki. Nikamkaripia. Ndipo akaninong'oneza:
"Mwalimu, siwezi kumpa mzee mgongo."
Karusha hivyo hivyo ubavu, kama anayemwaga maji ya kufulia. Aibu!

Jumanne, 14 Agosti
Nimehamishia kiti nyuma ya duara. Sasa anaanza uso kwa uso na babake, vizuri. Lakini kisahani hakiruki mpaka umalize kugeuka. Kufika nusu kakumbuka nani yuko nyuma yake, akakatiza mzunguko. Nimepekua kitabu changu chote cha riadha. Habari ya baba hamna.

Alhamisi, 16 Agosti
Nimemwomba Mzee Shaame asije Jumamosi. Sababu sikuweza kuitamka. Kasema kilichomleta mjini ni hicho tu. Hajapata kumwona mwanawe akipigiwa makofi.

Jumamosi, 18 Agosti — uwanjani, naandikia gotini
Mitupo miwili, yote imeharibika. Umebaki mmoja. Nimemwendea mzee kitini nikamwambia yote. Kasikiliza mpaka mwisho.
"Basi ni mimi, mwalimu?"
Nikaitikia. Kanyanyuka, kakigeuza kiti, kakaa kaelekea ukutani, mgongo kwa mwanawe. Watu wanacheka.

Machano kaitwa. Sikuwahi kumweleza, na mwamuzi hataki nisogee. Atadhani babake kamkasirikia! Nifanye nini? Sina la kufanya, nimekaa hapa kando ya kiti nikiandika. Kasimama duarani, kisahani kinaning'inia mkononi, macho kwenye mgongo ule.

Mzee ananiuliza, bila kugeuka:
"Kesharusha?"