Bega la Kulia

Jumatatu, 14 Julai
Bandani mapema. Mikono nimeipaka mafuta, utomvu wa maganda ya korosho usinibabue. Nimeshika mpini wa mashine. Weka, vuta, ipasuke, toa. Weka tena. Meza hizi walizipimia wanaume warefu. Mimi mfupi, nikivuta kiwiko kinapanda mpaka usawa wa sikio. Bega la kulia linawaka.

Zamani tulikuwa tunataniana, mkono unakwenda wenyewe. Sefu, msimamizi mpya, kakataza maneno. Anapita nyuma yetu kimya. Akisimama mgongoni kwangu shingo inakakamaa, na bega linazidi. Simpendi.

Jumanne, 15 Julai
Mwanangu Nasri kaninyooshea mikono nimbebe. Sikuweza. Akalia. Nikamfuta machozi kwa mkono wa kushoto, nikalia na mimi kidogo.

Mama mkwe anasema ni kijicho. Nina mkono mwepesi kazini, watu wameona. Kanisomea mafuta, kanikanda. Vidole vyake vina huruma, sikukataa. Lakini Somoe wa meza ya pili naye ana bega hilohilo. Na Bi Zuhura. Kijicho gani hiki kinachagua bega la kulia tu, la wavuta mpini tu?

Alhamisi, 17 Julai
Zahanati. Tabibu kaniambia niinue mkono. Ukaishia kifuani. Kauliza kazi, nikamwonyesha kwa vitendo. Kasema bega limechubuka kwa ndani. Nisivute kiwiko kikiwa juu, nipumzike mara kwa mara, tupokezane mashine. Nikiendelea hivi mkono utaganda, hata nywele sitajisuka.

Nimemweleza Sefu kwa adabu. Akanijibu mbele ya wote: "Mtegeaji wewe. Wanaoutaka huo mpini wamejaa getini."

Mtegeaji. Mimi. Baba Nasri yuko Somanga anahangaika na riziki, mtoto usiku halali, na asubuhi mimi ndiye wa kwanza bandani. Nina hasira. Sitaomba tena.

Ijumaa, 18 Julai
Nimekwenda na kreti tupu la soda kutoka dukani kwa jirani. Nimeligeuza, nikapanda. Kiwiko kikashuka. Nikavuta bila kuuma meno.

Sefu akaja. "Umekuwa khatibu leo, unapanda mimbari?"

Nikamwambia, "Kama mimi khatibu, kaa chini usikilize."

Banda zima likacheka. Bi Zuhura alicheka mpaka akashika meza. Sefu hakucheka. Kasema nishuke. Sikushuka. Kasema mara ya pili. Nikaweka korosho nyingine, nikavuta. Somoe akatoka nje, akarudi na tofali mbili, akazipanga mbele ya mashine yake, akapanda. Wengine waliinamisha macho. Siwalaumu, wana watoto.

Jumatatu, 21 Julai
Kanitoa kwenye mpini. Kaniweka kwa wanaomenya ngozi za korosho, chini, mkekani. Malipo kidogo. Anadhani kaniadhibu. Huku nimeegemea ukuta, mikono mapajani, na bibi mmoja wa kijiji cha Kilangala anayekaa karibu yangu hanyamazi hata dakika. Sefu kajaribu kumnyamazisha. Bibi akamwambia, "Shikamoo kwanza, mwanangu, halafu ndio unikataze." Sefu akaamkia. Akaondoka.

Somoe bado yuko juu ya tofali zake. Sefu hajamshusha.

Jumatano, 23 Julai
Sefu kamtuma Somoe: korosho zinazotoka nzima bila kuvunjika zimepungua, nirudi kwenye mpini, lakini nimwombe radhi kwanza mbele ya watu.

Nimemrudisha Somoe na jibu. Radhi ataipata mfungo ukikaribia, kama tunavyoombana watu wote. Mpini nitaushika akikubali tupokezane na nisimame ninapotaka. Asipokubali, nabaki mkekani.

Hajajibu. Na ajibu atakavyo.

Jioni nimefua. Sikuzikamua kanga, bega lisiwake tena. Nimezitandaza juu ya michongoma ya uani, zinachuruzika. Mama mkwe kaziangalia, kaniangalia. Zitakauka.