Winchi ya Shemeji

Jumanne, Nyakato

Winchi ndogo vile, na bado nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimwambia Mwita, mume wa dada: gari lako lina karibu tani moja, likizama kwenye tope la huko Butiama hii hailitoi. Chukua kubwa. Akasema, "Shem, mzigo wangu hauzidagi kilo themanini." Nikamcheka, nikadhani hajui magari.

Kisha akataka niifunge nyuma, siyo mbele kwenye bampa, na waya niurefushe. Nikachomelea, nikakaza bolti, nikinung'unika.

Alipofungua mlango wa nyuma kupakia vitu vyake, nikaona taa ya kichwani na kibao chenye kamba kila upande, kama bembea. Anaenda Buhemba, kwenye mashimo ya dhahabu.

Winchi hii ni ya kuburuta gari, siyo ya kushusha mtu. Breki yake haiwezi kumshikilia anayening'inia. Nililijua hilo, nikamwangalia anawasha gari, nikamfungulia geti apite.

Jioni dada kanipigia kushukuru. "Sasa hata Mwita akikwama huko, mimi nitalala usingizi."

Nikamjibu, "Amina."