Pindo la Mwenye Mashoto

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamenuna. Anayeniandikia ni binti wa mwenye nyumba. Maneno mazuri ni yake, matusi ni yangu.

Unauliza mbona kila barua inatoka mtaa mwingine, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtaa wa stesheni una kelele. Wa sokoni una kunguni, ila maji yapo. Wa hospitali mtulivu, tena daktari wa macho yuko mlango wa pili. Nao nikauhama.

Sasa nakwambia, usimwambie mtu. Macho yangu mazima, ubovu wake ni kisingizio tu. Namtafuta mwanangu, fundi cherehani niliyemfukuza kwa mdomo wangu huu. Kila mtaa nafumua pindo la gauni langu, napeleka kwa mafundi, mmoja baada ya mwingine, walishone kwa mkono. Yeye ana mashoto. Nilimchapa aache, hakuacha. Mishono ya wenzake inalala kulia, yake inalala kushoto.

Binti ananicheka: "Bibi, gauni litaisha hilo!"

Nikamwambia, "Andika, acha umbea."

Juzi nilifika kibanda cha kona. Fundi katoka, mkewe akalipokea, jana akanirudishia. Mdogo wangu, nilipapasa pindo kwa vidole. Mishono imelala kushoto yote.

Basi hapa sihami. Gauni nimelifumua tena, nimelipakata. Kibanda hakijafunguliwa na viatu nimeshavaa. Sijui nianze na salamu au na samahani.

Dada yako,
Kiguu na Njia