Nasikia Vizuri

3 Machi

Kitinda wangu,

Hujambo mwanangu? Huko baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbilimbili? Mimi magoti yanadai mafuta kama bawaba, lakini nipo.

Kiwanda kimesimama. Vile vifaa vinavyorekebisha mwendo wa mota vimeungua kimoja baada ya kingine, na vipya haviingii nchini kwa sababu ya vikwazo. Mitambo yote ya kufuma imenyamaza. Sasa limenipata jambo: nasikia. Miaka yote kelele za mitambo ziliniziba masikio, kazini tukawa tunasomana midomo, na nyumbani mkawa mnaniita kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Leo namsikia jirani akimsema mumewe, na kumbe nami nasemwa. Siipendi hali hii. Ukiona nasikia, ujue hatuna kazi.

Ofisi yenu inauza vifaa hivyo. Meneja wetu anasema vinane tu vitatuinua. Mwombe bosi wako. Au mpaka nipige magoti, na magoti yenyewe ndiyo haya?

Mama yako

21 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, soksi bado mbili. Lakini barua yako imeninyima raha.

Shida si bei. Kifaa kinachoendesha mota ya kufuma ndicho hichohicho kinachoweza kuendesha mashine za kurutubisha urani, ile ya bomu la nyuklia. Serikali ya huko nyumbani inashukiwa kulitaka bomu hilo, ndiyo maana vifaa vimezuiwa. Umebaki mlango mmoja mwembamba: kibali maalumu kwa kiwanda cha kawaida, mtu akikidhamini. Mdhamini akidanganywa, mzigo anaubeba yeye.

Nimedhamini mimi. Waliniuliza najuaje kwamba vitaishia kwenye nguo. Nikasema msimamizi wa zamu ni mama yangu, na hajawahi kunidanganya, isipokuwa aliposema sindano haiumi. Wakacheka, wakagonga muhuri.

Kitinda wako

2 Juni

Kwa mwanangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta katika afya njema. Meneja wetu amekaa hapa pembeni, ananisaidia maneno nisije nikakosa adabu. Anakusalimu sana.

Tunapenda kuthibitisha kwamba vifaa vinane vimepokelewa salama, na mitambo inafanya kazi usiku na mchana. Kiwanda kinatoa shukrani, na kinaomba vingine arobaini kwa ajili ya upanuzi.

Mimi sijambo. Masikio ndiyo yamezidi kuwa mazuri, nasikia vizuri mno. Jana nilimsikia panya akitafuna sabuni chumba cha pili.

Mama yako

19 Juni

Shikamoo Mama,

Barua yako nimewasomea wenzangu wote ofisini. Mitambo imeamka, na masikio yako yamepona. Heri mbili kwa mpigo. Huyo panya mtegee. Maombi ya vile arobaini nimeshayaandaa, imebaki saini yangu mwishoni mwa mwezi wa saba. Ila huyo meneja wako ana maneno ya risala, mwambie apunguze.

Kitinda wako

4 Julai

Kitinda,

Leo sikuulizi hali. Barua hii ameibeba muuguzi anayesafiri, ataitia posta akifika huko kwenu, kwa hiyo hakuna aliyeisoma kabla yako.

Hivi nilikuzaa mzima, au kuna siku nilikuangusha nikasahau? Mama yako anakuambia anamsikia panya, wewe unampongeza. Mitambo ingekuwa inafanya kazi, panya ningemsikia wapi?

Makasha yalifika asubuhi. Hayakuingia hata mlangoni. Yalihamishiwa pale getini kwenye lori lisilo na maandishi, nami nimesimama na bisibisi yangu kama mjinga. Nikauliza yanakwenda wapi. Nikajibiwa msimamizi wa zamu asimamie zamu. Baadaye nikaletewa karatasi nikuandikie ile barua ya Juni, meneja akakaa pembeni. Naye kalazimishwa, maskini, ana watoto.

Zamani nilikuwa nawacheka hao waliotuwekea vikwazo: tangu lini shuka likalipuka? Sasa sicheki. Nimefuma mashuka ya wodi ya wazazi tangu ujana wangu. Sitaki jina langu liwe kwenye kitu cha kuunguza watoto wa watu, na sitaki ufungwe kwa ajili yangu. Usitie saini. Najua kiwanda ndiyo basi tena, na wenzangu wataniuliza, mwanao vipi? Naogopa, Kitinda, sikufichi.

Alhamisi nimeitwa ofisini. Wageni wa lile lori wanataka kujua kwa nini vile arobaini vinachelewa. Lakini mji mzima unajua wafumaji ni viziwi. Watauliza weee, nami nitawaambia semeni kwa nguvu, sisikii.

Mama yako

30 Julai

Shikamoo Mama,

Nisamehe upumbavu wangu. Sikutia saini. Nimemweleza bosi vile vinane vilikokwenda, na yeye amewaeleza wakubwa. Nimesimamishwa kazi wakati wanachunguza. Sikusema nani kaniambia, lakini pale mwanzo nilishawatajia mama yangu kwa kujigamba, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Vikwazo wanasema vitaongezwa.

Alhamisi ilikwendaje? Nijibu upesi.

Kitinda wako

12 Novemba

Mama,

Shikamoo. Karani wa posta amenirudishia barua zangu zote. Vikwazo vipya vimefunga hata posta ya kuja huko, na simu ya jirani haiiti. Nilimfokea karani wa watu, mpaka akaniuliza, kwani vikwazo nimeweka mimi? Nikamwomba radhi, maana taarifa iliyovileta ilitoka mdomoni mwangu.

Sijui kama hujajibu kwa sababu ya posta au kwa sababu ya Alhamisi ile. Mwanzoni niliilaani posta. Sasa namwomba Mungu iwe ni posta tu.

Karani anasema na hii itarudi. Naandika hivyohivyo. Ikikufikia, usihangaike na mengi, na usiniambie unasikia vizuri. Niambie kiwanda kimefunguliwa, mitambo inanguruma, mnasomana midomo, na mtu akikuita huitiki. Neno moja linanitosha, Mama. Niandikie: sisikii.

Kitinda wako