Mtumbwi wa Kamachumu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimeshona nyavu kutwa. Jioni kamati ya kijiji, habari ile ile ya mtumbwi wa kijiji. Nimerudia: fundi wa Bukoba atatuundia mpya kwa miezi miwili. Mwenyekiti hataki. Viongozi wa wilaya wanakuja mwisho wa mwezi, lazima watukute tunavua. Hajawahi kushika kasia. Wenzake pia. Watu wa kahawa na migomba, wamehamishiwa ziwani juzi tu. Haraka haraka haina baraka, wanaijua wote.

Alhamisi, 7 Machi
Mwenyekiti amepata mtumbwi uliotumika. Uko Kamachumu. Mlimani. Nilidhani ananitania.

Jumamosi, 9 Machi
Si utani. Umelala migombani, mwenyewe anakamulia humo ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Miaka minne haujaonja ziwa. Kamati wakaujaza maji, wakasubiri, halikutoka tone. Wakafurahi. Nimechukia mpaka kichwa kinauma. Pombe imevimbisha mbao, utavujaje? Na pombe hiyo hiyo imekula misumari. Nilikwangua mmoja kwa ukucha, ukatoka unga. Nikamwonyesha Mwenyekiti. Akasema nina maneno mengi.

Jumatatu, 11 Machi
Kura. Mwenyekiti akauliza ni kupe gani anayechelewesha ujamaa. Alikuwa ananitazama mimi. Mikono yote juu. Na wangu. Nimejichukia njia nzima. Mke wangu sijamwambia. Kaka yake, Kaiza, ndiye mwenzangu wa kasia, na hajui kuogelea.

Jumatano, 20 Machi
Lori la kahawa limeuleta. Umepakwa rangi ya kijani, unapendeza. Upuuzi. Nimeziba maungio kwa pamba na lami. Nimeongeza misumari mpaka ikaniishia, na dukani hakuna. Kaiza akaniuliza, "Shemeji, utatubeba?" Nikasema utatubeba. Akasema hana wasiwasi, maana alisikia mkono wangu ulikuwa juu.

Ijumaa, 29 Machi
Wageni walipiga makofi ufukweni. Wimbi la tatu, ubao wa ubavuni ukafunguka. Nilimshika Kaiza kwa mkono mmoja, kasia kwa mwingine. Amekunywa maji mengi. Wavuvi wa kijiji jirani wametuopoa. Nyavu zimekwenda. Mwenyekiti amewaambia wageni ni upepo. Ningekuwa na nguvu ningempiga.

Jumapili, 31 Machi
Baada ya ibada nimempelekea Kaiza sato wawili. Akawapokea kwa mikono miwili, akanipa kiti. Mkewe akaleta kahawa za kutafuna. Nikaanza kumlaani Mwenyekiti. Kaiza akanisikiliza mpaka mwisho.
"Mwenyekiti hakujua, shemeji. Wewe ulijua."
Hakupaza sauti. Nilitafuna kahawa moja, nikaaga.

Jumatano, 15 Mei
Fundi wa Bukoba ameanza mtumbwi mpya. Mbao nzuri, nimezikagua mwenyewe. Mwenyekiti ameniuliza nani atashika kasia la pili. Nikamtaja Kaiza. Akasema Kaiza ameomba ahamishiwe shamba la kahawa, tangu Aprili. Sikujua. Mvua imenyesha mchana. Nimeshona nyavu.